Kupanua matairi ya Mark X: saizi ipi inafaa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Ukienda Naivasha kutazama Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, usiishie kutazama vumbi. Sogea pale magari yanapohudumiwa uangalie matairi. Kwenye njia za udongo magari yale huvaa rimu za inchi 15 na tairi jembamba lenye ukuta mrefu wa mpira, 205/65 (namba hizi nitazifafanua mbele). Gari la aina hiyohiyo likipelekwa kukimbia kwenye lami ya Ulaya huvuliwa viatu hivyo na kuvalishwa rimu za inchi 18 na tairi la 235/40. Timu zile zina wahandisi, zina pesa, na sekunde moja kwao ni mali. Hata hivyo hakuna saizi moja wanayoiita bora. Huanza na barabara, ndipo wachague tairi.

Sisi hatuna nafasi ya kubadilisha viatu njiani. Mark X inatoka Milimani, Nakuru, asubuhi kwenye lami safi, inapanda Salgaa nyuma ya matrela, inanyeshewa Kericho, inateremka Awasi hadi Ahero, na jioni inamalizia na kilomita nne za murram kwenda kwa wazee huko nyuma ya Luanda. Siku moja, tairi lilelile. Kwa hiyo saizi zilizo hapa chini nimezipanga kulingana na zinavyohimili safari hiyo. Namna gari linavyopendeza likiwa limeegeshwa nimeipa uzito mdogo.

Gari la mfano ni Mark X ya pili, GRX130, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2019. Nimeichukua kwa sababu ndiyo sedani ya mwendo ninayoiona zaidi huku kwetu, na kwa sababu Toyota wenyewe waliitoa na saizi mbili zinazotofautiana sana: 250G ya kawaida ilikuja na 215/60R16, na ile ya S Package ikaja na 235/45R18. Wenye Subaru Legacy B4 nimewawekea lao mbele.

Usiku wa Ahero

Miaka kadhaa iliyopita nilivua 215/60R16 nikafunga 245/35R19. Gari lilipendeza. Kwenye lami ya mjini lilishika kona vizuri kuliko lilivyowahi kushika. Wiki ya tatu nikatoka Kericho jioni, mvua imekwisha kupita, na kabla sijafika Ahero gurudumu la mbele la kushoto likatumbukia kwenye shimo lililojaa maji. La nyuma likafuata papo hapo. Nilisikia chuma kikigonga lami. Matairi yote mawili ya upande ule yalipasuka ukutani na rimu zikapinda midomo.

Fundi wa pancha aliyeletwa na bodaboda alipima kwa vidole ule ukuta wa mpira kati ya rimu na ardhi, akaniambia, "Kijana wangu, hili tairi halina nyama. Shimo limepiga chuma moja kwa moja." Nililala pale. Ahero saizi ile haikuwepo, na kesho yake Kisumu niliipata duka la tatu, tena moja tu, ya chapa nyingine.

Tangu siku ile nikienda kununua tairi huuliza mambo mawili kabla ya bei: lina nyama kiasi gani, na likipasuka Webuye nitapata jingine Webuye? Hilo la pili watu hulisahau. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana kiliacha uzalishaji mwaka 2016. Saizi utakayoikuta dukani leo ni ile ambayo muagizaji aliona inatoka, kwa hiyo saizi inayovaliwa na magari mengi ndiyo utakayoipata ukiwa mbali na nyumbani.

Upana unakupa nini hasa

Wengi huamini kwamba tairi pana huweka mpira mwingi zaidi chini. Ukweli uko kando kidogo. Eneo linalogusa lami hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliomo. Mark X ina takriban tani moja na nusu; ukijaza psi 32, kila tairi hukanyaga eneo la karibu sentimita mraba 170, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukipanua tairi na kuacha upepo palepale, kiganja hicho hakikui sana, ila kinabadilika umbo: kinakuwa kipana kutoka kushoto kwenda kulia na kifupi kutoka mbele kwenda nyuma.

Umbo hilo ndilo unalolilipia. Kwenye kona mpira haupindi sana, usukani unajibu upesi, na gari haliyumbi ukibadilisha njia kwa ghafla. Anayepita mara kwa mara zile kona za milima ya Nandi ataihisi tofauti siku ya kwanza.

Lakini umbo hilohilo linakugeuka kwenye maji. Tairi la 235 lina milimita 20 zaidi ya 215, maana yake kila mita unayokwenda lazima lisukume kando maji zaidi kwa takriban asilimia 9, na muda wa kuyasukuma ni mfupi kwa kuwa mguso umefupishwa. Likishindwa, linaelea, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kana kwamba umekatika. Kericho na Kakamega mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kwa miezi mingi ya mwaka. Kama huko ndiko unakoishi, usipanue tairi kisha uliendeshe mpaka likaribie kipara. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimita 8 kwenye mifereji. Vile vinundu vidogo ndani ya mfereji, vinavyoonyesha tairi limekwisha, vina urefu wa milimita 1.6. Kwa tairi pana na mvua zetu, mimi hubadilisha likifika milimita 3. Sisubiri vinundu.

Kuna pia mifuo iliyochimbwa na magurudumu ya malori kwenye miinuko ya barabara kuu. Tairi jembamba huipita bila maneno mengi. Tairi pana lenye ukuta mfupi huifuata, na utajikuta unapigana na usukani kilomita nzima.

Hesabu ya dakika mbili

Katika 215/60R16, tairi lina upana wa milimita 215, ukuta wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 129 za nyama, na rimu ni inchi 16. Nyama ya juu na ya chini ukiijumlisha na rimu (inchi moja ni milimita 25.4) unapata kimo cha milimita 664.

Kimo hicho ndicho cha kulinda. Kikiongezeka, kipimo cha mwendo kitakudanganya kwa kukuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kikipungua, gari litakaa chini zaidi na injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Tofauti ya zaidi ya asilimia 3 usiiguse. Mimi binafsi sivuki 2.

Sasa saizi zenyewe, kuanzia ile ningeifunga kwenye gari la ndugu yangu bila kumuuliza.

Ya kwanza: 225/50R17

Upana umeongezeka milimita 10, rimu imepanda inchi moja, na nyama bado ni milimita 112. Kimo ni milimita 657, chini ya kile cha kiwandani kwa asilimia 1.1 tu. Ukisoma 100 kwenye dashibodi, unakwenda karibu 99. Kosa la upande salama. Gari litashuka chini ya milimita 4, kiasi ambacho hata matuta ya Kiboswa, Majengo na Chavakali hayatakiona.

Kinachoipandisha hadi hapa ni kupatikana. Saizi hii inavaliwa na BMW nyingi za mfululizo wa 3 za F30, Audi A4 za B8, na baadhi ya Legacy zilizotoka kuanzia 2009. Magari hayo yamejaa Kenya, kwa hiyo muuzaji wa Nakuru, Kisumu au Eldoret ana sababu ya kuiweka dukani. Chapa ni nyingi, kutoka za bei ya juu hadi za kawaida.

Inakaa vizuri kwenye rimu yenye upana wa inchi 7 au 7.5. Tafuta iliyoandikwa namba ya mzigo 94 au zaidi. 94 ni kilo 670 kwa kila tairi. Ile ya awali, 215/60R16, huwa na 95, kilo 690. Usitishwe na tofauti hiyo ndogo, kwa sababu tairi la kawaida la 235/45R18, saizi ambayo Toyota waliifunga kwenye gari hilihili, nalo ni 94. Ila kama Desemba unabeba watu watano, magunia na kuku kwenda mashambani, tafuta yenye 98, iliyoandikwa XL. Hiyo hubeba kilo 750 na ukuta wake ni mgumu zaidi.

Kwenye murram ya kawaida inastahimili. Kwenye mawe makali ya mlimani punguza mwendo, kama ambavyo ungepunguza na tairi lolote la gari dogo.

Ya pili: 225/60R16, kwenye rimu zako zilezile

Watu huidharau hii kwa sababu haibadilishi sura ya gari. Mimi naiheshimu. Hununui rimu. Unapata milimita 10 za upana na nyama inapanda kutoka 129 hadi 135. Gari linainuka milimita 6. Namba ya mzigo kwa kawaida ni 98. Mwalimu anayeishi Emuhaya na kufundisha Kisumu, au mtu mwenye shamba Molo ambako barabara ya kwenda bomani inageuka tope kila masika, hana sababu ya kutafuta kingine.

Kimo ni milimita 676, asilimia 1.8 juu. Ukiona 100 unakwenda karibu 102, kwa hiyo penye kibao cha 50 mjini usiegemee sindano sana. Soma upana wa rimu ulioandikwa nyuma yake. Saizi hii inakubali kuanzia inchi 6 hadi 8, na rimu ya kiwandani imo humo. Kabla ya kulipa, funga tairi moja mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili na uhakikishe halikwaruzi plastiki ya ndani ya fenda, hasa kama springi zako zimechoka.

Usikivu wa usukani hautabadilika sana. Ukitaka kona, rudi kwenye ya kwanza.

Dada yake, 225/55R16, inakaa kwenye rimu hizohizo, nyama milimita 124 na kimo 654. Ina ukali kidogo kwenye kona lakini inashusha gari milimita 5. Kwa Nakuru mjini sawa. Kwa Magharibi ningeiacha.

Ya tatu: 235/45R18, saizi ya S Package

Hii ndiyo Toyota waliyoichagua kwa toleo la michezo, na kwa hesabu hawakukosea: kimo milimita 669, tofauti isiyofika asilimia 1. Ukiwa na rimu za inchi 18 zilizotoka na gari kutoka Japani, usizitupe. Camry za kuanzia 2018 huvaa saizi hii pia, na hiyo inasaidia upatikanaji.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya nyama: milimita 106. Tofauti na ile ya kwanza haifiki milimita 7, lakini rimu ya inchi 18 ni nzito zaidi, na shimo linalomwachia mwenye 17 mshtuko linaweza kumwachia mwenye 18 mdomo uliopinda. Anayeishi Nakuru, kazi yake iko Nakuru, na safari zake ni za Nairobi, hii ni saizi nzuri kabisa, na kwa usukani ni bora kuliko zote nilizotaja. Anayepita Nyando mara mbili kwa wiki atalipia nyama iliyokosekana.

Kuna jambo moja la kuangalia. Wenye rimu hizi mara nyingi huuziwa 225/45R18 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Crown Athlete nyingi huvaa hiyo. Inakaa kwenye rimu bila tatizo, lakini nyama inashuka hadi milimita 101 na tairi la kawaida la saizi hiyo lina namba ya mzigo 91, kilo 615. Ukilazimika kuichukua, dai ya XL yenye 95.

Ya nne: 235/50R17

Kwa karatasi, hii ingekuwa ya kwanza. Upana wa 235, nyama milimita 117, kimo 667, karibu sawasawa na cha kiwandani. Nimeitafuta Nakuru na Kisumu kwa nyakati tofauti, na jibu limekuwa lilelile: tutakuagizia. Tairi la kuagizwa ni zuri mpaka siku litakapochanika Jumapili jioni Mbale. Ukiwa na nidhamu ya kununua matano badala ya manne, ichukue kwa moyo mweupe.

Ya tano: nyembamba mbele, pana nyuma

Wapo wanaopenda 225/45R18 mbele na 245/40R18 nyuma. Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo jambo hili lina mantiki yake: nguvu ya V6 inapata mpira mpana wa kushika. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, na ya nyuma ndiyo huisha haraka. Kama yako ni ile ya 250G Four, inayosukumwa na magurudumu yote manne, usifanye hivi kabisa. Matairi yenye vimo tofauti yatailazimisha gia ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kufanya kazi muda wote, na kuitengeneza kutakula pesa ya seti kadhaa za matairi.

Ya mwisho: chochote cha inchi 19

235/40R19 ina nyama milimita 94. 245/35R19 ina 86. Nimekwisha kusimulia nilikolala.

Wenye Legacy B4

B4 ya BL5 yenye turbo ilitoka na 215/45R17, nyama milimita 97 tu, na hiyo ni kidogo kwa barabara zetu tangu mwanzo. Panda hadi 225/45R17 kwenye rimu zilezile za inchi 7. Upana unaongezeka na nyama inaongezeka pia, hadi 101, huku kimo kikipanda asilimia 1.4 peke yake. Ni nadra saizi moja kukupa vyote viwili. Kumbuka tu kwamba Subaru hiyo husukuma magurudumu yote, kwa hiyo matairi manne yawe ya saizi moja, chapa moja, na yawe yamechakaa kwa kiwango kinachokaribiana. Kununua mawili mapya na kuacha mawili ya kipara kwenye Subaru ni kuiumiza gia.

Rimu

Mark X ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati la milimita 60.1. Legacy ya BL5 ni tano kwa 100, tundu 56.1. Hizi haziingiliani, na anayekwambia "tutapanua matundu" mwache hapohapo.

Rimu nyingi za dukani zina tundu la katikati kubwa kuliko la gari ili zitoshee magari mengi. Dai pete za kujazia nafasi hiyo. Bila pete rimu hubebwa na nati peke yake, na usukani utatetemeka ukifika 90 hata kama matairi yamebalansiwa mara tatu.

Angalia pia alama ya ET nyuma ya rimu. Inasema rimu imeingia ndani au imetoka nje kiasi gani. Ukitoka rimu ya inchi 7 kwenda ya inchi 8 yenye ET ileile, kila upande unapata milimita 12.7 zaidi: nje kuelekea fenda, ndani kuelekea shokabsoba. ET ikipungua kwa 10, gurudumu zima linasogea nje kwa milimita 10, na hapo ndipo fenda huanza kukatwa na biringi kuisha mapema. Kaa karibu na ET ya kiwandani na utaepuka mambo mengi.

Rimu ya mtumba izungushwe kwenye mashine ya kubalansi mbele yako, bila tairi. Ikiyumba, iache. Iliyochomelewa ufa, iache hata ikiwa ya bure.

Tairi lenyewe

Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ukutani mwa tairi. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa stoo miaka mitano bado linang'aa, lakini mpira umeanza kukauka. Jipya silinunui likizidi miaka mitatu.

Herufi iliyo baada ya namba ya mzigo ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Hakuna mahali Kenya utakapotumia mwendo huo kihalali, lakini tairi la herufi ya juu limejengwa kustahimili joto zaidi. Kwa Mark X usishuke chini ya H, na V ni bora.

Matairi mengi yana namba ya uchakavu iliyoandikwa ukutani. Yenye 200 yameundwa kunata na yataisha haraka. Yenye 400 na zaidi hudumu. Kwa mtu wa Nakuru hadi Kisumu, katikati panatosha, na kwenye mvua tazama mifereji kabla ya namba: miwili au zaidi mipana inayozunguka tairi zima, na mikato ya pembeni iliyo wazi ya kutolea maji.

Kuhusu mtumba nitasema kwa kifupi. Tairi pana la mtumba hutolewa Japani au Ulaya kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu iko ndani, usipoiona. Ukilazimika, livuliwe kwenye rimu, washa tochi, pitisha mkono ndani na ukutani. Uvimbe wowote, hata wa ukubwa wa punje ya mahindi, ni nyuzi zilizokatika. Kiraka ukutani ni sababu ya kuondoka dukani. Kati ya 235 ya mtumba na 215 mpya ya chapa ya kawaida, chukua 215 na uendeshe kwa amani.

Siku ya kufunga

Uliza bei moja inayojumuisha tairi, valvu mpya, kubalansi na alainimenti, kwa sababu duka linaloonekana rahisi huwa limeacha viwili kati ya hivyo nje. Nati za rimu za Toyota na za rimu za kampuni nyingine mara nyingi hazifanani kichwa. Kuna za mdomo bapa na za mdomo uliochongoka. Nati isiyolingana na tundu lake hukazwa leo na kulegea kesho.

Upepo ujazwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha uongeze kidogo kama umechukua XL. Usiwaruhusu wakujazie 40 "kwa sababu ya mashimo". Tairi lililojaa kupita kiasi hugonga shimo kama jiwe, na linavaa katikati.

Halafu waombe marafiki wanne wakae ndani, wote, na upite tuta la karibu na duka polepole ukiwa umekata usukani. Kama kuna mahali panapogusa, utasikia hapo, wakati pesa yako bado inaweza kurudishwa.

Spea yako, kama ni ile nyembamba ya dharura, ipimwe kimo dhidi ya matairi mapya na ijazwe upepo ulioandikwa ubavuni mwake. Huwa inasahaulika chini ya zulia kwa miaka.

Na safari ya kwanza ndefu, simama baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Nakuru, Mau Summit ni mahali pazuri. Acha rimu zipoe wakati unakunywa chai, kisha kaza nati kwa mtindo wa nyota, kwa nguvu ya nyutoni mita 103, moja baada ya nyingine, magurudumu yote manne.